Umri wa Loretta

Loretta alikuwa akimpaka Wanda rangi ya nywele pale saluni kwake Toledo, Marekani, barua ya bima yake ya afya ilipofika. Ruzuku ya serikali inakwisha. Kuanzia Januari, dola mia nne anazolipa kwa mwezi zitakuwa elfu moja na mia tatu.

“Wamerukwa na akili hawa! Hiyo si kodi ya nyumba?”

“Vumilia, shosti. Ukifika sitini na tano utapata bima ya serikali ya wazee,” alisema Wanda. “Ila wewe ndiyo kwanza hamsini na nane. Pole!”

Saluni nzima ikacheka. Loretta, aliyeficha umri wake miaka yote, akaitupa brashi.

“Hamsini na nane wapi! Agosti nafika sitini na tano, na mpaka hapo nitakaa bila bima, ole wake atakayeniambukiza hata mafua!”

“Tulijua, mama,” Wanda akajibu, akijifuta pua.