Fahali wa Kwanza wa Nazario

Isidoro Vela alimtambua fahali yule vumbi la mlango wa uwanja wa mapigano likiwa halijatulia. Baka jeupe ubavuni, pembe ya kushoto imepinda kidogo; yule yule.

Wafugaji wa Andalusia wana mwiko mmoja mkubwa: fahali wa uwanjani asichezewe kwa kitambaa na mtu aliyesimama kwa miguu yake kabla ya siku ya pambano. Akionja mara moja, hasahau. Akichezewa tena, ataacha kitambaa amtafute aliyekishika. Na Isidoro, miaka miwili nyuma, kwenye karamu ya don Práxedes, mfugaji wa fahali hawa, kichwa kimejaa mvinyo na sifa, alimchezea huyu nyuma ya zizi ili awachekeshe mabinti. Nani angemkemea? Alikuwa Isidoro Vela, mpigana na fahali aliyesifika kuliko wote.

Angesema pale pale, fahali angerudishwa zizini. Lakini jina lake nalo lingezikwa siku hiyo hiyo. Akawaacha wenzake wamchome mnyama mishale ya mapambo mabegani, kama ilivyo ada kabla ya matador kuingia.

Leo Nazario, kijana aliyemfundisha kazi mwenyewe, alikuwa anapokewa rasmi kuwa matador, yule anayemkabili fahali na kumuua kwa upanga. Kwa desturi, matador mkubwa, na leo ni Isidoro, humpa mgeni wa kazi fahali wa kwanza, pamoja na upanga na kitambaa, mbele ya watu wote.

"Mwalimu, mbona umepauka?" Nazario akamtania walipokutana mchangani. "Bwana harusi si mimi?"

"Nisikilize. Huyu anamjua mtu. Usimchezee. Muue upesi, basi."

"Umejuaje?"

Isidoro akamnyooshea upanga na kitambaa.

"Nimeyaona macho yake tu."

"Ah, Mwalimu! Mama yuko pale juu na gauni la kuazima. Nimuue upesi, waseme kazaa mwoga?"

Wakakumbatiana. Watu wakapiga makofi.

Mara mbili fahali alifuata kitambaa, uwanja ukapiga kelele za "Ole!" Mara ya tatu hakukitazama kabisa. Alimchoma kijana pembe pajani, akamrusha juu, akamfuata chini.

Walipombeba mbio kwa daktari, desturi ikamrudia Isidoro: fahali wa aliyeumizwa humalizwa na mkubwa. Akaokota upanga. Hakuna aliyemjua mnyama yule kuliko yeye. Alijua atakuja upande gani, akamuua kwa pigo moja. Leso nyeupe zikapepea uwanja mzima, na akakabidhiwa sikio la fahali, tuzo ya ushujaa.

Alikuwa bado amelishika alipofika mlangoni kwa daktari. Casilda, mama yake Nazario, alikuwa amekaa sakafuni, viatu kavua, na daktari alikuwa ananawa mikono bila haraka yoyote. Isidoro akajua.

Mama akainuka, akaushika mkono wake wenye damu, akaubusu.

"Asante, mwanangu. Angalau wewe umemlipizia kisasi."

Na Isidoro, Mungu amsamehe kama anaweza, akamwacha aubusu.