Wanasesere Waliovunjika Miguu

Bibiana, mfanyabiashara wa Moshi, alirudi kwenye duka la wanasesere la Mchina mmoja, mtaa wa Yide Lu, akiwa na rafiki yake Mildred wa Nairobi. Wanasesere aliouziwa walikuwa wamevunjika miguu.

"Sema tu broken," Mildred alimshauri.

"Jepesi mno hilo!" Bibiana akaisogelea simu ya mwenye duka ya kutafsiri Kiingereza, akatamka kwa uchungu: "Crippled! Maimed!"

Mwenye duka alisoma tafsiri akashtuka. Akamkalisha Bibiana kitini, akamletea maji ya moto, akauliza kwa ishara ni goti lipi linalouma.

Mildred alicheka mpaka machozi. "Dada, umemwambia umelemaa! Mwonyeshe mwanasesere."

Alipomwona, mwenye duka naye akacheka, akawabadilisha wanasesere wote. Bibiana aliendelea kukaa, akinyoosha miguu iliyozunguka madukani tangu asubuhi, wala hakuwa na haraka ya kupona.