Mshahara wa Kwenye Jedwali

Gari la dereva Eparquio lilikuwa linazunguka kanisa la mji wa Corozal kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, spika mbili zimefungwa kamba juu ya paa. Ndani yake Yuranis alishika kipaza sauti kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili, maana kitasa chake kilikufa kabla ya marehemu wengi aliowatangaza.

"Ametutoka Bi Temilda Arrieta," alisema, "mama yao wale vijana wa kisimani, yule ambaye sote tunamwita Mama Bundi. Mazishi ni leo, saa kumi alasiri."

Alishusha sauti kwenye jina, akaipandisha kwenye saa, kama alivyofundishwa chuo kikuu kwa miaka mitano.

Kabla yake kazi hii ilifanywa na mzee mmoja aliyesoma jina la kitambulisho na hakuongeza kitu. Na Corozal hakuna anayejulikana kwa jina la kitambulisho. Mtu uliyecheza naye domino miaka thelathini angeweza kuzikwa nawe upo barazani kwako, unasikia tangazo lake na kumwonea huruma mgeni wa watu. Yuranis, mwenye shahada ya mawasiliano, aliliona kosa hilo siku ya kwanza. Akaanza kutaja majina ya utani, na marehemu alikuwa akiuza nini, na watoto wake ni akina nani. Tangu hapo misiba ikafurika watu.

Kwa kila maiti alipata peso elfu thelathini. Mkopo wa masomo ulidai laki tatu na elfu themanini kila mwezi. Hesabu yake ilihitaji maiti kumi na tatu, na watu wa Corozal, Mungu awazidishie, walikuwa na afya njema. Mwezi ule serikali ilipoleta chanjo ya mafua, Yuranis alijikuta amenuna wiki nzima, mpaka akaenda kuungama kwa padri.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Alikuwa nyuma miezi miwili, na ofisi ya mikopo huko Sincelejo ilikwisha kumwandikia: ikifungwa leo bila yeye kulipa au kupewa nafuu, deni litakatwa kwenye mshahara wa mdhamini. Mdhamini alikuwa mama Digna, mama yake wa ubatizo, mpishi wa shule ya msingi, ambaye mshahara wake ulikuwa unaisha siku ileile unapofika.

Kwa hiyo Eparquio alipozima injini, Yuranis aliteremka akaenda kwa Nicanor Támara kudai pesa zake. Alikuwa amemtangazia msiba wa baba yake mara tatu, na Nicanor hajatoa hata senti. Alimkuta uani anakunja turubai.

Nicanor hakukana deni. Alimvutia kiti, akampa kahawa, kisha akaanza kumlaumu polepole, kwa heshima. Alimkumbusha kwamba yeye aliomba tangazo la kawaida. Baba yake alikuwa mtu bahili, hana rafiki, na familia ilitarajia watu ishirini kwa zile siku tisa za matanga.

"Dada, ulisema 'Jibini Kavu' kwenye spika."

"Ndivyo alivyoitwa, kaka Nicanor."

"Najua alivyoitwa. Na wao wakajua ni nani aliyekufa. Wamekuja watu mia mbili kila usiku. Wamekuja kutoka Betulia! Nusu yao walikuja kuhakikisha." Akaikung'uta turubai. "Kahawa, biskuti, supu ya magimbi, sukari. Nimeuza ndama. Kuna mmoja alikuwa anaomba sahani ya pili huku anamsema marehemu. Ungemtangaza vibaya kidogo tu, leo ningekulipa."

Yuranis alijaribu kueleza kwamba tangazo likiwafikia watu, limefanya kazi yake. Nicanor alikubali kabisa. Ndilo tatizo lenyewe, alisema. Mwishowe akampa elfu kumi na kipande cha jibini, na kumwomba radhi kwa niaba ya mzee.

Ile elfu kumi iliwafikisha Sincelejo yeye na mama Digna. Mama Digna alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vinavyombana, kwa kuwa aliambiwa mdhamini lazima aje mwenyewe. Mlangoni bawabu aliwaambia wanahitaji nakala za vitambulisho, mbili mbili, na nakala zilikuwa zinatolewa ng'ambo ya barabara na shemeji yake bawabu, kwa bei ya shemeji. Nauli ya kurudi ikaishia pale.

Afisa aliitwa Yesid, kijana nadhifu aliyekaa mbele ya kiyoyozi akiwa na sweta. Alimuuliza Yuranis anafanya kazi gani.

"Natangaza misiba."

Yesid akatafuta kwenye kompyuta. Misiba haikuwemo. Akauliza kama maneno anayaandika mwenyewe. Ndiyo. Kwa sauti yake? Ndiyo. Kwa umma?

"Kwa Corozal nzima," akadakia mama Digna. "Hata viziwi wanamsikia."

Basi huyo ni mtaalamu wa mawasiliano, Yesid akasema, akabonyeza. Kompyuta ikajaza mshahara yenyewe: milioni mbili na laki nane kwa mwezi. Yuranis aliinama kuutazama. Ulikuwa mshahara mzuri, na hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kukutana.

"Mimi sipati hiyo, mheshimiwa."

"Ni wastani, dada. Jedwali linasema mwenye shahada hii akifanya kazi yake anapata hivyo."

"Na huyo Wastani anakaa wapi?" mama Digna akauliza. "Tumfuate akatulipie."

Yesid hakucheka. Alieleza kwamba kwa mshahara huo nafuu haipo, tena malipo yatapanda hadi laki tano na elfu kumi. Njia nyingine ni moja tu: kuweka alama kwenye kisanduku cha chini, kisemacho mkopaji hafanyi kazi ya taaluma yake. Hapo kompyuta inaweka sifuri na mdhamini haguswi miezi sita. Riba, bila shaka, itaendelea. Yuranis alikuwa amelipa miaka minne na bado anadaiwa zaidi ya alichokopa, kwa hiyo hilo halikumshtua. Ila wote wawili lazima wasaini, alisema Yesid.

Mama Digna akarudisha kalamu mezani.

"Mimi sisaini. Huyu tangu alfajiri yumo ndani ya lile gari koo linamkauka. Picha ya mahafali yake nimeitundika sebuleni. Leo niseme hafanyi kazi?"

"Ni maandishi tu, mama," akasema Yesid.

"Maandishi ndiyo yaliyotuleta hapa."

"Mama, watakata mshahara wako," Yuranis akamwambia chini chini.

"Wakate."

"Na dawa za presha?"

Mama Digna akatazama pembeni. Yuranis akaichukua kalamu, akasaini wa kwanza, haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Mama Digna akaivuta karatasi. Kisha akasaini naye, kwa herufi kubwa kubwa, moja moja, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Yesid akagonga muhuri.

Walipokuwa wanainuka, afisa akatazama huku na huku, akashusha sauti. Baba mkwe wake wa Corozal alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, Jumamosi kuna misa. Mke wake anataka kanisa lijae, na amesema hamtaki mtangazaji mwingine ila yule binti wa kwenye gari. Je, ni bei gani?

Mama Digna akawahi kujibu.

"Wapo wawili, baba. Yuko asiyefanya kazi, huyo ni elfu thelathini. Na yuko mtaalamu, huyo ni milioni mbili na laki nane, bei ya jedwali lako. Unamtaka yupi?"

Yesid aliutazama mlango wa meneja.

"Yule wa elfu thelathini," akasema taratibu.

Yuranis alikuwa anakunja nakala yake. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

"Huyo hafanyi kazi, mheshimiwa. Umempigia muhuri mwenyewe sasa hivi."

Wakatoka. Jua la nje lilikuwa kali, na kituo cha magari wakakipita tu, wakaelekea njia panda yanakopita malori ya muhogo. Mama Digna alivua viatu akavibeba mkononi.

"Zile thelathini zingetufikisha nyumbani," akasema.

"Zingetufikisha."

"Na mkate juu."

"Na mkate, mama."

Lori likatokea kwa mbali. Mama Digna akasogea barabarani, akainua mkono wenye viatu.