Bado Vifungo Tu

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo ni mwongo. Msinikodolee macho. Nendeni kwa fundi yeyote wa mtaani kwenu, mwambieni mnataka nguo Ijumaa. Atasema Ijumaa bila kupepesa jicho, na moyoni anajua Ijumaa hiyo haipo. Mkirudi atawaambia, "Bado vifungo tu." Kitambaa kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, hakijaguswa na chaki, lakini bado vifungo tu, na anasema huku ameuma pini mdomoni ili msimhoji zaidi. Mteja naye anajua. Anaguna, anaondoka, anarudi Jumanne. Ndivyo tunavyoishi, na sijaona mtu anatembea uchi.

Ila mume si mteja, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Mume wangu alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja katika sekondari iliyo nyuma ya posta. Watu walimwita Kamusi, kwa sababu ukimuuliza maana ya neno hakupi maana, anaanza na babu wa neno hilo. Mimi nilimwita Mwalimu tangu tunachumbiana, naye akaniita Fundi, na watoto wamekua wakidhani ndiyo majina tuliyopewa na wazazi wetu. Mwaka jana akastaafu. Nikasema alhamdulillahi, sasa atapumzika. Wapi! Mtu akaanza kunyauka mbele ya macho yangu. Yeye aliyekuwa akibishana hata na redio, sasa anakaa kwenye kochi na gazeti la juzi, ukimsemesha ni "ndiyo", "hapana", "asante". Watoto wako mbali na kazi zao. Nyumba ikawa na sauti ya cherehani peke yake. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba nitampoteza huku nikimwona pale pale.

Halafu ikaja barua. Mkuu wa shule, ambaye mwenyewe alipitia mikononi mwa Mwalimu, alimwomba aje siku ya wazazi, azungumze na kidato cha nne pamoja na wazazi wao juu ya neno moja la Kiingereza: limezaliwa wapi, limekuaje. Aliisoma mara tatu. Jioni alikula akaomba kuongezwa. Kesho yake akanijia chumba cha mbele, ninaposhonea, na mita mbili na nusu za kitambaa cheupe alichojinunulia mwenyewe.

"Fundi, nishonee shati. Nataka nisimame mbele yao kama mtu."

"Wiki ijayo, Mwalimu," nikasema.

Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea. Kulikuwa na sare za kwaya ya shule, kulikuwa na bibi harusi aliyenenepa kila nilipomaliza kumpima, kulikuwa na gauni la mwenye duka la dawa, jirani yangu, mwanamke mwenye haraka kuliko maji ya mfereji. Kila Jumamosi baada ya chai Mwalimu alisimama mlangoni. "Fundi, shati langu?" Nami namwinulia uso, nacheka kidogo, "Bado vifungo tu, Mwalimu." Anasema haya, anarudi kwenye kochi. Ikapita miezi mitatu.

Siku yenyewe niliamka saa kumi na mbili, na kabla sijafikisha mguu chini nikakumbuka. Mama yangu wee! Mkutano ni saa nne. Mwalimu ameshanyoa, viatu vinang'aa, amevaa suruali na fulana, amesimama katikati ya chumba cha mbele.

"Fundi, nipe shati."

"Vifungo..." nikaanza. Nikapanda kiti, nikakishusha kitambaa kutoka juu ya kabati, na lebo ya duka bado inaning'inia. "Mwalimu, sijakata."

Alikiangalia kitambaa, akaniangalia mimi. Afadhali angenitukana. Nikaona kabisa anarudi kwenye kochi, anakaa, na safari hii hainuki tena.

"Nipe saa mbili!" nikamwambia. "Usiende huko kwenye kochi. Kaa hapa, nikupime."

Shati zima kwa saa mbili, mapindo na matundu ya vifungo? Haiwezekani. Nikapiga hesabu ya kifundi. Atavaa koti. Koti likifungwa, watu wanaona nini? Kola, kifua, na ncha za mikono. Basi. Nikakata hivyo tu. Kifua chenye vifungo vyake, kola iliyosimama sawasawa, ncha mbili za mikono nitakazozishikiza kwa ndani ya koti. Mgongoni hakuna kitu, ni lastiki mbili zinazopita juu ya fulana.

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama. Nilipomvalisha ili nipime lastiki, akajitazama kwenye kioo, mbele bwana mkubwa, nyuma mgonjwa wa wodini. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Miezi sijakisikia kicheko kile.

"Fundi, unajua umeshona nini? Umeshona *sham*."

"Nimeshona aibu," nikasema.

"Hata hiyo imo!" Akakamata makaratasi ya neno lake aliloliandaa miezi mitatu, akayatupa kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa. "Nimeshapata neno."

"Ukilivua koti hilo mbele za watu, Mwalimu, usirudi nyumbani. Nusu ya wale wazazi ni wateja wangu."

"Sitalivua," akasema.

Nilikaa mstari wa nyuma kabisa, pembeni ya mwenye duka la dawa, aliyeniuliza habari ya gauni kabla hata ya salamu. Ukumbi ulijaa. Mwalimu alipanda jukwaani akaandika neno lile ubaoni, herufi nne, na mgongo wake ukanyooka. Alisema neno hili lilionekana Uingereza mwishoni mwa karne ya kumi na saba, neno la vijiweni, na kwanza lilikuwa na maana ya hila, mtu kumchezea mwenzake shere. Limetoka wapi? Wataalamu hawana hakika. Wapo wanaodhani ni neno lao la aibu, lile *shame*, kama lilivyotamkwa na watu wa kaskazini ya huko. "Msiandike kwamba ndivyo," akasema. "Andikeni kwamba wanadhani. Mtu mkweli husema anapoishia kujua."

Watoto wanaandika, wazazi wamenyamaza. Nilikuwa nimeanza kuvuta pumzi.

"Baadaye," akaendelea, "neno likaingia kabatini. Muungwana shati lake limechafuka na kufua hawezi leo, basi anavaa kifua cha bandia kwa juu, safi, cheupe. Kifua kile kikaitwa *sham*. Zikawapo na za mito, unafunika mto uliochakaa, kitanda kinapendeza. Mnataka kuiona?"

Nikatikisa kichwa kule nyuma kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Hakunitazama. Akavua koti.

Sijui niwaelezeje kelele zile. Ncha za mikono zilibaki ndani ya koti, mikono yake mitupu, kifua cheupe kinang'aa kama cha hakimu. Akageuka taratibu wakaiona fulana na lastiki, wakapiga meza. Hata mkuu wa shule alijifunika uso kwa ratiba. Naye Mwalimu wangu amesimama katikati ya kicheko kile, ametulia, macho yanawaka. Akawaambia kwamba tangu hapo neno limetembea sana, leo kuna ndoa za namna hiyo na uchaguzi wa namna hiyo, na kila likitumika lina mambo mawili ndani yake: kitu kisafi mbele, na kitu kisichotakiwa kuonekana nyuma.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, ulishonewa hivyo kwa ajili ya somo?"

Nikakishika kiti.

"Ndiyo," akasema Mwalimu. "Nilimwomba mke wangu anishonee hivyo makusudi. Yule pale nyuma. Ni fundi hodari sana."

Wote wakageuka. Makofi! Mwenye duka la dawa akanipiga kiwiko, "Hongera, shoga, kumbe una akili hivi!" Nami nimekaa pale napigiwa makofi kwa uvivu wangu. Ningenyamaza ningetoka mshindi, wallahi, wateja wangepanga foleni. Lakini miaka thelathini na moja mwanamume yule hakuwahi kuwadanganya wanafunzi. Kama hajui alisema sijui. Leo ameanza, na ameanza kwa ajili yangu, siku ile ile aliyorudi kuwa mtu. Roho ikakataa. Nikasimama.

"Anadanganya!"

Makofi yakafa.

"Hakuniomba hivyo. Aliniomba shati zima, miezi mitatu iliyopita. Kila Jumamosi nilimwambia bado vifungo tu, na kitambaa sijakikata. Hicho kifua nimekishona leo asubuhi, kwa sababu nilisahau. Mwongo ni mimi. Yeye ananisitiri tu."

Mwenye duka la dawa aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Na gauni langu?"

"Lako pia sijakata."

"Mwanaizaya wewe! Jana si umeniambia bado pindo?"

"Na sare za kwaya?" mkuu wa shule akauliza kutoka jukwaani.

"Hizo nimekata! Haki ya Mungu, hizo nimekata!"

Ukumbi ukapasuka. Kicheko kile sikukitegemea, kilikuwa cha watu wanaonifahamu. Kumbe hakuna hata mmoja aliyewahi kuniamini. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa kifua chake cha bandia, akangoja wanyamaze. "Andikeni," akawaambia wanafunzi. "Mmeliona neno, na sasa mmesikia kinyume chake." Wakaandika kweli, watoto wale, kwa adabu kabisa.

Mkuu wa shule alimshika mkono mlangoni, akamwomba awe anakuja kila Alhamisi. Njia nzima Mwalimu alikuwa akisalimia watu, koti begani, kifua mbele na fulana nyuma, hana habari. Tulipofika nyumbani akaingia chumba cha mbele, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kufungua lastiki.

"Nisamehe, Mwalimu," nikasema. "Wateja nimewazoea, lakini wewe sikupaswa kukudanganya. Uliniamini."

"Nani alikuamini?"

"Unasemaje?"

"Kitambaa nilikiona juu ya kabati Jumamosi ya kwanza. Na lebo yake." Alikuwa akikikunja kile kifua vizuri, kola juu. "Shati langu la zamani nimelipiga pasi tangu jana. Liko nyuma ya mlango wa chumbani."

Nikaenda kuangalia. Lipo, limetundikwa, limenyooka. Nikarudi na hasira zangu zote.

"Sasa mwanamume wewe, kama ulijua, mbona kila wiki unakuja kuniuliza? Mbona asubuhi umeniacha nihangaike vile?"

Akakiweka kile kifua mezani.

"Nikikuuliza habari nyingine yoyote," akasema, "unanijibu huku unaangalia sindano. Nikikuuliza shati, unainua uso. Leo asubuhi nilikaa na wewe saa mbili nzima."

Nilikuwa nimeulaumu ustaafu, nimeilaumu shule, nimelilaumu kochi. Mtu ametoka kwenye darasa la nyuso hamsini zinazomtazama, akaja nyumbani akakuta mgongo wa mke. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Gauni la mwenye duka la dawa lilikuwa mezani, chaki juu yake. Nikalisogeza. Nikavuta kigoda, nikakaa magoti yetu yanagusana, nikamtazama usoni.

"Haya, Mwalimu," nikamwambia. "Niambie neno jingine."