Kiuno cha Suruali ya Mheshimiwa

Fundi cherehani alikuwa akipanua kiuno cha suruali ya mdogo wake, mara ya tatu tangu awe mbunge, huku redio ikirusha mjadala moja kwa moja kutoka bungeni. Muswada ukipita, kadi ya matibabu ingewafikia hata wasio na mishahara. Mumewe, mchomelea vyuma, alikaa mlangoni na macho yake yaliyojaa ukungu. Daktari alishasema akichelewa kupasuliwa atapofuka kabisa, nao pesa hawana.

Ndipo mdogo mtu akasikika redioni, sauti laini kama imepakwa mafuta.

"Mheshimiwa Spika, watu wetu tukiwazoesha vya bure, watajazana hospitali hata kwa kupiga chafya!"

Wabunge wakacheka, wakagonga meza. Watu wazima na akili zao timamu, wanagongea meza upuuzi kama ule! Muswada ukaangushwa. Fundi akazima redio.

Jioni Mheshimiwa akaja kuchukua suruali yake, meno nje.

"Hivi wewe una haya?" dada akamuuliza. "Shemeji yako anapofuka hapa."

"Dada, siasa huijui. Kila mtu akiwa na kadi mfukoni, nani atapiga hodi kwangu? Mlete shemeji Jumamosi kwenye hafla yangu ya misaada, nitamlipia. Mpiga picha atakuwepo." Akaijaribu suruali, akapigapiga tumbo. "Hapo sasa! Una mkono, dada."

Fundi alitamani kumtapikia viatuni. Na huyu ndiye mtoto aliyembeba mgongoni, akampangusa makamasi! Lakini macho ya mumewe si kitu cha kuchezea. Akakubali kwenda.

Jumamosi wakapanga foleni juani, upande wa pili wa jimbo, ambako hakuna aliyewajua. Kila mgonjwa alisukumwa mbele ya kamera, ataje ugonjwa wake, apokee bahasha kwa mikono miwili, ashukuru. Mama mmoja aliambiwa alie tena, eti mara ya kwanza kamera haikuwa tayari.

Zamu yao ikafika. Mheshimiwa akamtazama dada yake uso mkavu, kama hajawahi kumwona duniani. Haifai wapiga kura wajue kwamba anawapa jamaa zake. Akamsogezea kipaza sauti.

"Na wewe mama, hebu waambie wananchi, umetoka wapi?"

"Tumbo lilelile ulilotoka wewe," akasema fundi. "Na hiyo suruali nimekupanulia mimi."

Uwanja mzima ukawa kimya. Mpiga picha akashusha kamera. Mheshimiwa akairudisha bahasha kifuani taratibu. Mume wa fundi, ambaye hakuona lolote, alikuwa bado amenyoosha mikono yote miwili.

"Mbona kimya?" akauliza. "Ameshatoa?"