Kiti cha Nyuma cha Kipanga

Simu ilianza kukoroma na kupiga miluzi kabla ya adhana ya alfajiri. Jirani yangu Khamisa aliwahi kuniuliza kama nimefuga paka mgonjwa.

"Si paka," nikamwambia. "Ni Marhun anaingia intaneti."

Marhun ni mjukuu wangu. Alikuwa akifanya kazi ya gesi kule Sur, na kila Jumatano jioni, wiki ya kazi ya huku ikiisha, akija kwangu Ibra na kompyuta yake ndani ya boksi. Nyumba za wafanyakazi hazikuwa na simu. Simu ya kwangu aliitia marehemu babu yake, ili azungumze na ndugu zetu wa Unguja. Alfajiri laini ya simu ilikuwa nyepesi, watu wengi wamelala, ndiyo maana akiamka mapema.

Alikuwa akijenga ndege. Si ya kupanda, ni ya mchezo wa vita wa kwenye kompyuta. Ndege yenyewe ya jeshi la Wahungaria, ya kabla ya vita vikuu vya pili, ina mabawa ya juu na ya chini.

"Inaitwa Sólyom, bibi. Kwa lugha yao ni kipanga."

"Umeiona wapi?"

"Kwenye picha tu. Sijasikia kama imebaki hata moja. Zilikuja ndege za mbio zaidi, hii wakawapa wanaojifunza urubani. Basi, ikasahauliwa."

Nikamtilia kahawa. Kwetu mgeni akitosheka huitikisa finjani. Asipoitikisa, anajazwa. Marhun macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, akisahau kutikisa, nami nikijaza. Na mwenye kushika dele la kahawa haondoki mgeni hajatosheka, basi nikikaa pembeni yake mpaka jua likapanda.

"Bibi, kahawa yako kali! Moyo unanienda mbio."

"Si kali, baba. Ni nyingi."

Alikuwa na huruma zake. Nikisali, akizima sauti ya mizinga. Kioo akikigeuza upande wangu bila ya kumwambia. Siku moja nikaona ndani ya ndege kuna viti viwili, na cha nyuma hakina mtu.

"Hapa anakaa nani?"

"Mtazamaji. Anaangalia chini, anamwambia rubani alichokiona."

"Mbona hayupo?"

"Bado sijamtengeneza. Mtu mgumu kuliko bawa."

Nikafurahi peke yangu. Maadamu kiti ni kitupu, ndege haijaisha, na Jumatano atakuja. Siku nyengine zote nyumba hii ilikuwa kimya. Ndugu wa Unguja waliokuwa wakipiga simu wamekufa mmoja mmoja, nami nikiinua mkono wa simu kusikiliza tu kama bado inafanya kazi.

Alkhamisi moja akapiga makofi. "Khalas, bibi! Imekwisha."

Nikaegemea nitazame. Kipanga akipita juu ya mashamba ya watu nisiowajua, na kiti cha nyuma kimekaa mtu mwenye miwani mikubwa.

"Wenzangu wa mchezo huu, wa kule Ulaya, wamenitengenezea mtazamaji," akasema. "Na tena, kule Sur wametutilia simu majumbani. Sitakusumbua tena."

Alisema kwa furaha, kama anayenitua mzigo. Nikamjazia finjani. Safari hii aliitazama, akanywa, akaitikisa, akanirejeshea. Dele bado lilikuwa limejaa.

Alifunga nyaya zake, akabusu mkono wangu, akapeleka boksi garini. Sisi wa zamani hatumwombi kijana aje. Akija, tunamshukuru Mungu. Akiondoka, tunafunga mlango. Nilifika mlangoni, nikashindwa kuufunga. Nikamfuata mpaka nje.

Akacheka. "Bibi, mbona umetoka na dele?"

"Hukunisumbua hata siku moja," nikamwambia. "Simu ile sina wa kumpigia. Jumatano njoo, baba. Njoo hata bila ya ndege."