Rudi Nyuma ya Mstari

Karatasi ilibandikwa kwa ndani ya kioo, ili asiwepo wa kuibandua. Ilisema huduma za viza zimesitishwa kutokana na hali ilivyo mjini, hadi itakapotangazwa vinginevyo. Basi. Hata samahani haikuwemo. Msusi aliisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa midomo, kisha akamgeukia mlinzi wa geti.

"Na pasipoti zetu zilizomo humo ndani?"

"Mimi nalinda geti, mama," mlinzi akasema. "Makaratasi silindi."

Pasipoti ya Msusi na ya binti yake, Kidoti, zilikuwa humo ndani ya ubalozi wa watu, zikingoja viza ya kumfuata mumewe, aliyetangulia huko kwenye kazi ya kuchomelea mabomba. Alichobaki nacho mkononi ni risiti. Na mji ule, siku zile, haukuwa mji wa kutembea na risiti.

Maana serikali ya pale ilikuwa imeshindwa kuwakamata waliochoma maduka, ikaona iwakamate wanaokamatika. Lori la kijani lilikuwa likizunguka mitaani. Linasimama, anashuka afande, anauliza pasipoti. Mgeni akiitoa, anakwenda zake. Asipoitoa, anapanda. Waliopanda walipelekwa wapi? Wapo waliosema mpakani, kwenye uwanja uliozungushiwa waya, hakuna paa wala bomba la maji. Wapo waliosema mbali zaidi ya hapo. Aliyekwenda akarudi kusimulia hakuwepo.

Watu wengi waliliona jambo hilo kuwa jipya. Msusi hakuliona jipya. Alipokuwa bado anafungwa viatu na mama yake, katika nchi nyingine kabisa, aliliona lori la namna ile ile likimchukua mjomba wake, fundi wa saa, akiwa bado amebana kile kioo chake kidogo jichoni. Mpaka leo kwao wanamtaja kwa "alikuwa" na kaburi hawana. Rangi za malori hubadilika. Wanaopandishwa ni wale wale.

Akarudi nyumbani kwa vichochoro, amemshika Kidoti mkono mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumizwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu, kimoja cha kulala, kingine cha kusukia. Kile cha kusukia kilifungwa. Vitana vilikaa kwenye mkebe, kiti cha wateja kikageuzwa kuelekea ukutani, na nywele za bandia zilizobaki zikining'inia msumarini hadi Msusi akaziondoa, kwa kuwa kila akiingia alidhani mtu amesimama pale. Jirani wa mlango wa pili, fundi wa kupaka rangi, alichukuliwa mchana kweupe akiwa anaanika nguo uani. Shati zake zilibaki kwenye kamba. Mvua ikazinyeshea, jua likazikausha, mvua ikazinyeshea tena, na hakuna aliyethubutu kuzianua, maana kuanua ni kuonekana.

Msusi akamfundisha binti yake mchezo. Wakisikia viatu kwenye ngazi wanakuwa mawe. Jiwe halisemi, halicheki, halitaki maji. Kidoti aliupenda mchezo ule siku ya kwanza. Baadaye akawa anaganda hata bila viatu kusikika, katikati ya kula, kijiko mdomoni, na mama yake akaona ni heri asingemfundisha.

Aliyekuwa akiingia na kutoka ni Shemeji peke yake, mdogo wa mumewe, mwendesha mashine ya kuinulia mizigo kwenye ghala. Yeye alikuwa na kitambulisho cha kampuni, kizima, chenye picha na muhuri. Hata hivyo aliogopa kuliko wote, na woga wake aliufunika kwa utani.

"Shem, leo wameniuliza kitambulisho. Nikakitoa haraka hadi nikampiga nacho afande puani."

"Acha masihara."

"Ningekuwa na masihara ningeendelea kutetemeka mpaka sasa?"

Ndipo ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ubalozi ulisema watumishi wake wanaondoka nchini. Kabla ya kuondoka, dirisha la viza lingefunguliwa asubuhi moja tu, kurudisha pasipoti kwa wenye risiti. Mwenyewe aje. Mtoto naye awepo, uso wake ulinganishwe na picha.

Shemeji aliusoma, akaurudia. "Wanawaita kama kuku wanavyomwagiwa mtama. Wasio na pasipoti wote, mahali pamoja, saa moja. Na hao wa lori hawana simu?"

"Nisipokwenda?"

Shemeji akamrudishia simu.

"Bila pasipoti mimi ni wa kuokotwa tu," Msusi akasema. "Wakiniokota humu ndani, mtoto atabaki na nani? Nikiipata, siku wakigonga nafungua mlango kama mtu. Hilo tu ndilo ninalotaka. Nisitenganishwe na mtoto."

"Basi nitawasindikiza. Nitasimama ng'ambo, kwenye duka la simu. Nikiliona lori nitakohoa."

"Utakohoa. Ng'ambo ya barabara."

"Nina kifua, shem. Usinidharau."

Asubuhi hiyo walikuta mstari umekwisha jipanga ukutani, unasogea kidogo kidogo, na aliyeupanga alikuwa yule yule wa siku zote, mzee mmoja aliyeitwa Mwenyekiti. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa amesota pale muda mrefu kuliko wote, akanyimwa viza mara nyingi kuliko wote, na katika kunyimwa huko akatunga sheria za foleni. Hakuna kumshikia mtu nafasi. Hakuna kuchomekea katikati. Ukitoka, umetoka. Na mwenye kukosa kitu dirishani, awe picha au sahihi, arudi nyuma ya mstari aanze upya. Watumishi wa ubalozi walimpenda, kwani aliwafanyia kazi bila mshahara, na watu wakamtii mpaka miguu yao ikazijua zile sheria kuliko vichwa vyao.

"Karibu, mama Kidoti," Mwenyekiti akasema. "Wewe ni baada ya yule mwenye begi jekundu. Sogea, usiache pengo."

Msusi akasogea. Kioo kilikuwa kimefunguliwa kweli. Kwa mbele aliona mtu akipewa pasipoti, akiibusu, akiondoka nusu kutembea nusu kukimbia. Moyo ukamtulia kidogo.

Ndipo Shemeji akakohoa.

Lori lilikuja kinyumenyume, taratibu, kama gari la kupakua saruji, likasimama kwenye mkia wa foleni. Afande aliyeshuka alikuwa na sauti laini. "Hatutaki fujo," akasema. "Wenye pasipoti waende zao. Wasio nazo wapande mmoja mmoja." Akaanza na aliyekuwa wa mwisho.

Askari wenyewe walikuwa wanne, na mmoja alikuwa anamenya chungwa. Watu waliosimama ukutani walitosha kujaza kumbi mbili za harusi. Hakukimbia hata mmoja. Wangekimbiaje, na dirisha liko wazi, na mbele kila mara kuna anayepewa? Kila mtu aliuangalia mgongo wa aliye mbele yake, akapiga hesabu ya migongo, akaomba mstari uliwe upesi zaidi huku mbele kuliko kule nyuma. Mbele dirisha linatoa, nyuma lori linameza, na foleni ikafupika pande zote mbili kama kamba inayowashwa moto ncha zote.

Shemeji akakohoa tena. Akakohoa kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Msusi akamgeukia aliyekuwa nyuma yake, fundi viatu mwenye vidole vyeusi vya rangi. "Kaka," akanong'ona, "tukitawanyika wote mara moja, hawatatuweza."

"Nyamaza, dada," fundi viatu akasema bila kumtazama. "Tutapoteza nafasi."

Naye Msusi akatii. Akasogea. Hakuacha pengo.

Alipofika dirishani alimwinua Kidoti hadi kidevu cha mtoto kikagusa ubao. Karani wa kike, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, alimtazama mtoto, akatazama picha, akasukuma pasipoti moja chini ya kioo. Kisha akapekua boksi. Akapekua tena, vidole vikipunguza kasi.

"Ya kwako haimo."

"Iko wapi?"

Karani akainama karibu na tundu la kuongelea. "Tuliamriwa zote zilizokwisha gongwa viza zipite kwenye mashine ya kukatakata, zisije zikaangukia mikono ya wengine. Ya mtoto ilikuwa bado. Ya kwako ilikuwa imeshagongwa."

"Nilikuwa nimepewa?"

"Ulikuwa umepewa."

Msusi alishika ule ubao. Alitaka kucheka, akaogopa kicheko chenyewe kitatoka kimevaa sura gani.

"Mkubwa wangu anaweza kukuandikia barua," karani akaendelea, tayari macho yake yakiwa kwa anayefuata. "Ila anaandika mwishoni, wakiisha wenye kuchukua. Rudi nyuma ya mstari, mama."

Alilisema kama alivyolisema kila siku, bila kuinua shingo kuona nyuma ya mstari siku ile ni wapi.

Na miguu ya Msusi ikageuka. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko yote, kwamba miguu iligeuka yenyewe. Alitembea kando ya foleni, mtoto mkononi, akiipita migongo ambayo sasa ilikuwa nyuso, na hakuna uso uliomtazama. Mbele yake ubao wa lori ulikuwa umeshushwa kama ulimi.

"Nyuma kabisa," Mwenyekiti akamwambia. "Usisimame hapa."

"Mzee, huoni nyuma kuna nini?"

"Naona." Midomo ya mzee ilikuwa imekauka, lakini alikuwa bado ananyoosha mstari. "Tukivunja utaratibu tutakosa wote."

Mwanamke mmoja mjamzito akarudi hatua moja, kimya, akaacha nafasi ya kutosha mtu. Msusi akajipenyeza humo na Kidoti. Alisimama pale pumzi mbili tatu, akinusa sabuni ya kanga ya yule mama, akidhani amepona. Kisha minong'ono ikaanza kwa nyuma. Huyu ameshahudumiwa. Huyu amechomekea. Tutoke sisi aingie yeye? Na Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akafanya alichozoea kufanya kwa mlinzi wa geti siku zote. Akainua mkono.

"Afande, huku kuna aliyepita mstari."

Afande akaja, hana haraka. Akaichukua pasipoti ya Kidoti, akamtazama mtoto, akafungua kurasa, akairudisha. "Huyu yuko sawa. Ya kwako?"

Msusi akatoa risiti.

"Hii ni karatasi, mama. Pasipoti."

"Wameikatakata humo ndani. Muulize karani."

"Mimi siulizi ubalozi. Kama huna, huna." Sauti ilikuwa bado laini. "Wewe panda. Mtoto ana nyaraka, hatumchukui mwenye nyaraka. Kama hana mtu hapa, atapelekwa kituo cha watoto."

Sasa akaelewa. Kile kijitabu alichokipigania, alichomleta mtoto hatarini ili kukipata, ndicho kilichokuwa kinawakata. Angekuja mikono mitupu wangepanda wote wawili, akiwa amempakata. Angeweza hata sasa kukipasua. Vidole vyake vilishika jalada, vikakaza. Akauona ule uwanja wa waya, usio na paa. Akamwona Kidoti ndani yake, amekaa bila kuomba maji. Vidole vikalegea.

Akatazama ng'ambo. Shemeji alikuwa kwenye mlango wa duka la simu, kiganja kimeziba mdomo. Msusi hakumwita. Kumwita ni kumwonyesha kidole mbele ya afande, na mwanamume yule aliogopa hata kengele ya mlango. Alimtazama tu.

Shemeji akashusha mkono. Akaingia barabarani bila kutazama magari, dereva mmoja akampigia honi na kumtusi, akaja mpaka pale, jasho limemchora shati lote, kitambulisho kimetangulia mbele kama taa.

"Wewe ni nani kwake?" afande akauliza.

"Baba yake," Shemeji akasema, na kwa watu wao, baba mdogo akisema hivyo hasemi uongo.

Afande akakitazama kitambulisho kwa muda mrefu. "Mchukue."

Kidoti hakulia. Alimshika mama yake nguo kwa mikono miwili, na Msusi akaubandua mkono mmoja, kisha mwingine, kama anavyofumua nywele zilizoshikana, polepole, kuanzia chini, isiumize. "Nenda na baba," akasema. "Usimwache mkono." Pasipoti akaisukuma kwenye mfuko wa Shemeji. Shemeji akamwinua mtoto begani, bila utani.

"Tembea," Msusi akamwambia. "Usikimbie. Tembea kama mtu mwenye haki yake."

Ndani ya lori watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamebanana, kimya. Mwanamume mmoja akamnyooshea kidole pale penye nafasi. "Wewe ni baada yangu, dada."

"Baada yako kwenda wapi?" Msusi akamuuliza.

Msusi hakukaa. Alisimama penye ubao, akashika chuma, akamfuata kwa macho Shemeji na ule mzigo mdogo begani mwake, hatua kwa hatua, akiomba askari wasimwite, wasimsimamishe, mpaka walipokata kona. Msusi akaiona kona imebaki tupu. Akafungua kinywa. Mara ya kwanza haikutoka sauti. Mara ya pili ikatoka, imekwaruza.

"Tokeni kwenye mstari. Wako wanne tu. Tokeni."

Askari wa chungwa akamwambia akae. Nyuso kadhaa ziligeuka, zikarudi dirishani. Yule mama mjamzito alitazama kioo, akatazama lori, akatazama migongo iliyobaki mbele yake. Kisha akainua mguu mmoja, akauweka nje ya mstari.

"Mama," Mwenyekiti akasema, "ukitoka hurudi."

Akatoa na mguu wa pili.